Maswali ya wasomaji: Ahadi ni deni, sawa, lakini ni deni la nani?

Wapendwa wasomaji, toleo lililopita mwishoni mwa safu niliuliza kaswali kadogo tu, ni ahadi gani imekusumbua zaidi maishani, uliyoitoa au uliyopewa, na kusema kweli sikutegemea kilichokuja. Barua, meseji, voisi noti za dakika kumi kumi, mtu analia kabisa. Nimesoma na kusikiliza zote, nimechagua saba, majina nimeyatoa na vitu vidogo vidogo nimevibadilisha ili mtu asitambulike.

Kabla sijaanza kujibu niseme kitu kimoja maana kitajirudia. Sisi tumezoea kusema ahadi ni deni, tunasema haraka haraka kama salamu vile, lakini deni si lina pande mbili jamani, kuna anayedaiwa na kuna mwenye mali. Sasa angalia tunavyoongea tukivunja ahadi: nilibanwa, nilisahau, hali ilibadilika, nilikuwa naumwa. Yote habari zetu sisi, kana kwamba ile ahadi bado iko mfukoni mwetu na tunaweza kuifanya tunavyotaka. Mi naamini ahadi ukishaitoa imetoka, ni mali ya yule uliyempa, yeye ndo anaweza kukusamehe, kukupunguzia au kukuongezea muda, wewe huwezi kujisamehe mwenyewe halafu ukampa taarifa. Na kitu ambacho kimenishangaza kadiri nilivyosoma ni kwamba sheria na dini, pamoja na tofauti zao zote, kila zikibanwa kwenye kona zinarudi hapo hapo kwa yule aliyeahidiwa.

Haya. Na mjue mi si wakili wenu, si shekhe, si mchungaji, kwa hiyo penye jambo zito ntakwambia uende kwa nani.

"Mjomba aliniambia acha kazi uje tujenge biashara, robo itakuwa yako. Nimefanya miaka saba kwa posho tu. Mwaka huu nimemkumbusha akasema yale yalikuwa maneno ya kifamilia, hamna karatasi. Je nina haki yoyote au ndo basi?"

Pole sana kaka. Miaka saba si mchezo.

Kitu cha kwanza ondoa hilo wazo la kwamba bila karatasi hamna kitu. Mikataba mingi tu duniani inafungwa kwa mdomo na inatambulika, karatasi ni ushahidi, siyo roho ya makubaliano. Ziko ahadi ambazo sheria inadai maandishi, hasa za ardhi na za kumdhamini mtu deni, Uingereza waliweka sharti hilo tangu mwaka 1677 kwa sababu watu walikuwa wanakuja mahakamani na mashahidi wa uongo kuhusu mambo ya mdomo. Lakini mtu kukuahidi sehemu ya biashara ili ufanye kazi, hiyo sehemu nyingi haihitaji karatasi, inahitaji tu uthibitishe.

Cha pili, na hapa ndo penye utamu, nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza zinauliza swali moja kabla ya kulazimisha ahadi: huyu aliyeahidiwa alitoa nini upande wake? Kama hakutoa kitu basi ile ni zawadi iliyotajwa tu, na zawadi ambayo haijatolewa mahakama haikuletei. Wajerumani kanuni yao ya madai iliyoanza kutumika mwaka 1900 haiulizi hilo swali la nani katoa nini, lakini kwenye ahadi ya zawadi wanataka ifungwe mbele ya notari, yaani ofisa wa kuthibitisha hati, maana yake na wao wameona kwamba mtu anaweza kuropoka akiwa na furaha na kesho akajuta. Sasa wewe hukuahidiwa zawadi. Uliacha kazi. Kuacha kitu ambacho ulikuwa na haki nacho kwa sababu umeombwa, hicho ni kitu umetoa.

Kuna kesi moja ya Marekani napenda kuisimulia maana inafanana na kwenu. Mwaka 1869, mbele ya ndugu waliokusanyika, mzee mmoja alimwambia mtoto wa ndugu yake, usinywe pombe, usivute tumbaku, usitukane wala kucheza karata na biliadi kwa pesa mpaka ufikishe miaka 21, ukiweza ntakupa dola 5,000. Kijana akaweza! Alipofikisha umri akamwandikia, mzee akajibu ndiyo hizo pesa ni zako, ila nakutunzia mpaka uwe na akili ya kuzishika. Mzee akafa mwaka 1887 hajalipa. Msimamizi wa mirathi akakataa, hoja yake ilikuwa kwamba kijana hakutoa chochote, sana sana alifaidika yeye kwa kuwa na afya na tabia njema. Mwaka 1891 mahakama ya rufaa ya New York ikasema hapana, alikuwa na haki ya kuvuta na kunywa na akajinyima kwa sababu ya ahadi, inatosha, lipeni. Inajulikana kama kesi ya Hamer na Sidway. Angalia hawakuuliza mzee alifaidika nini, waliuliza kijana alijifunga nini.

Na ile ya Uingereza ya 2009, Thorner na Major, inakugusa zaidi. Mtu alifanya kazi kwenye shamba la binamu ya baba yake karibu miaka 30 bila mshahara, na yule mzee hakuwahi hata kusema wazi kwamba shamba litakuwa lako, alikuwa mtu wa maneno machache, alitoa ishara tu na vineno vya hapa na pale. Akafa bila wosia. Mahakama ya juu kabisa ikampa yule mfanyakazi haki yake, kwa sababu aliamini, alikuwa na sababu ya kuamini, na aliumia kwa kuamini. Hiyo ilihusu ardhi na kila nchi ina mipaka yake, kwa hiyo usiichukue kama dawa ya moja kwa moja, lakini unaona roho ya sheria ilipo.

Fanya hivi. Kusanya kila kitu, meseji, voisi, mashahidi waliokuwepo aliposema, picha za hesabu ulizoshika, hata tarehe uliyoacha kazi na barua ya kuacha kazi. Kisha mwandikie mjomba barua ya heshima, siyo ya vita, umkumbushe maneno yake na umwombe jibu kwa maandishi, maana jibu lake lolote lile ni ushahidi. Halafu mwone wakili mapema, madai yana muda wake wa kuisha na miaka saba ni mingi. Neno "robo" linakusaidia sana kaka, angesema "ntakuangalia" au "hutajuta" ungekuwa na kazi ngumu kweli maana hakimu hawezi kupima "ntakuangalia" ni kiasi gani.

Na usiogope kwamba kudai haki kwa ndugu ni utovu wa adabu. Yeye ndo kaleta biashara ndani ya undugu.

"Mume wangu aliahidi kunipa pesa ya matumizi kila mwezi akiwa safarini. Miezi mitano kimya. Naweza kumshtaki kwa kuvunja ahadi?"

Dada, kwa ahadi hiyo peke yake, kwa mtazamo wa sheria ya Kiingereza, hapana, kuna kesi maarufu ya mwaka 1919, Balfour na Balfour, mume alimwahidi mke pauni 30 kwa mwezi wakati yeye anarudi kazini Ceylon (Sri Lanka ya leo), mke akadai, mahakama ikasema wanandoa wanaoishi kwa mapenzi hawawi na nia ya kupelekana mahakamani wanapopangiana matumizi. Lakini mwaka 1970 kwenye Merritt na Merritt mambo yalikuwa tofauti, wale walishatengana, mume kaandika na kusaini kwamba mke akimaliza mkopo wa nyumba itakuwa yake, na hiyo ilimfunga.

Ila sikia, hilo ni swali la ahadi. Matunzo ni swali jingine kabisa. Sheria za ndoa mahali pengi na dini pia zinamdai mume matunzo hata kama hakuahidi chochote. Usidai alichoahidi, dai unachostahili. Nenda ustawi wa jamii au kwa msaada wa kisheria, usikae mwezi wa sita.

"Niliweka nadhiri nikifaulu mtihani ntafunga Jumatatu na Alhamisi maisha yangu yote. Nilifaulu. Sasa nina vidonda vya tumbo, daktari kanikataza kufunga. Naogopa Mungu ataniadhibu. Rafiki yangu Mkristo naye ana nadhiri yake, anauliza hivyo hivyo."

Binti yangu, kwanza tulia. Lugha yetu yenyewe inajua kutofautisha haya mambo, kuna ahadi unampa mtu, kuna miadi ni ahadi ya wakati, kuna kiapo unamweka Mungu shahidi, na kuna nadhiri ambayo Mungu siyo shahidi, ndiye unayemwahidi. Kwa hiyo kwenye nadhiri anayekudai ni Mungu Mwenyewe, na la kuuliza ni anataka nini kwa mtu mgonjwa.

Iko hadithi kwa Bukhari na Muslim, wale wakusanyaji wakubwa wa hadithi za Mtume, Mtume (S.A.W.) alimwona mzee anaburuzwa katikati ya wanawe wawili, akauliza ana nini huyu, wakasema ameweka nadhiri ya kutembea kwa miguu. Akasema Mwenyezi Mungu hana haja na huyu kujitesa nafsi yake, akamwamuru apande mnyama. Na iko nyingine kwa Bukhari, mtu aliweka nadhiri ya kusimama juani, asikae, asikae kivulini, asiseme, na afunge. Mtume akasema mwambieni aseme, akae, aingie kivulini, na akamilishe funga yake. Unaona alivyochambua? Kilicho ibada kikabaki, kilicho mateso kikaondolewa. Na Muslim kapokea kwamba kafara ya nadhiri ni kafara ya yamini, yaani fidia ya kiapo, ambayo imetajwa kwenye Suratul Maida aya ya 89: kulisha masikini kumi, au kuwavisha, au kuacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge siku tatu. Wewe hata hizo tatu daktari huenda akakatalia, kwa hiyo kulisha ndo kuko mbele yako. Nenda kwa shekhe unayemwamini na cheti cha daktari mkononi, mweleze ulitamka vipi, maana maneno uliyotamka yana uzito.

Rafiki yako mwambie kama ni Mkatoliki amwone paroko wake. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1196, inampa paroko mamlaka ya kumwondolea mtu nadhiri binafsi kwa sababu ya haki, ila kwa sharti moja zuri mno, isiwe inaumiza haki ambayo mtu mwingine ameshaipata. Yaani Kanisa linaweza kukufungulia deni lako kwa Mungu, lakini halitagusa cha jirani yako. Wayahudi nao hali ni hiyo hiyo, usiku wa kuingia Yom Kippur, siku yao kuu ya toba, wanasoma Kol Nidre ya kufuta nadhiri, na waalimu wao wamesisitiza miaka yote kwamba inahusu za mtu na Mungu wake, za mtu na mtu lazima umwendee mwenyewe.

Na wote wawili, Mhubiri sura ya 5 inasema afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe. Mtihani mwingine ukija ombeni tu jamani, Mungu anapokea maombi bila dhamana.

"Bosi wangu kila nikimuuliza mshahara anasema inshallah wiki ijayo. Nikilalamika anasema mi sikuahidi, nilisema inshallah. Je inshallah inafuta ahadi?"

Hili limenichoma.

Suratul Kahf, aya ya 23 na 24, inafundisha usiseme juu ya jambo lolote ntalifanya kesho ila useme Mungu akipenda. Waraka wa Yakobo sura ya 4 unasema kitu hicho hicho, mnapaswa kusema Bwana akipenda tutakuwa hai na kufanya hivi au vile. Ni unyenyekevu wa mtu ambaye AMEKUSUDIA kufanya, anakiri tu kwamba kesho haiko mkononi mwake. Ni kweli kwenye fiqhi, yaani sheria ya dini ya Kiislamu, mtu akiapa akaunganisha na inshallah hatolipa kafara akishindwa, hilo lipo na bosi wako labda kalisikia mahali. Lakini hiyo ni kafara ya kiapo. Mshahara siyo kiapo wala siyo ahadi, ni deni la kazi iliyokwishafanyika, jasho lako liko kwake tayari.

Na mtu anayesema inshallah huku moyoni anajua halipi, huyo anaongopa mara mbili. Alama za mnafiki zilizotajwa kwenye hadithi ni tatu, akizungumza huongopa, akiahidi huvunja, akiaminiwa hufanya hiyana. Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani, mwaka 1785 alimchambua mtu wa namna hii hii, anayekopa na kuahidi kulipa huku akijua hatalipa, akasema jaribu kufanya tabia hiyo iwe sheria ya watu wote uone, hakuna atakayeamini ahadi tena na hata huo ujanja wake hautafanya kazi, maana mwongo anaishi kwa imani iliyojengwa na wakweli. Baba yangu mzazi alikuwa hanisomei Kant lakini kila nikisema "ntakuja" alikuwa ananisimamisha, ntakuja au ntajaribu kuja? Chagua moja, mwenzio atakaa dirishani akikungoja.

Mwandikie bosi, siku ngapi, kiasi gani, lini ulipwe. Asipojibu peleka kwenye ofisi ya kazi. Hapo inshallah haitamsaidia.

"Mama akiwa kitandani siku za mwisho alinishika mkono akasema niapie hutamruhusu dada yako kukanyaga hii nyumba maisha yako yote. Waligombana sana. Nikaapa ili afe kwa amani. Ni miaka tisa. Sasa dada anaumwa, ana watoto wawili wadogo, kanipigia simu analia hana pa kukaa. Usiku silali. Nikimfungulia namsaliti mama, nisipomfungulia sijui mimi ni nani."

Mwanangu, hii barua nimekaa nayo siku nne.

Nianze na upande wako mzito, nisiupuuze. Ahadi kwa anayekufa ni ngumu kuliko zote kwa sababu mwenye nayo hayupo tena wa kukusamehe. Yakobo alimwapisha Yusufu asimzike Misri, Yusufu akamchukua baba yake mpaka Kanaani. Na Yusufu mwenyewe akawaapisha wana wa Israeli kuhusu mifupa yake, na vitabu vya Kutoka na Yoshua vinasema walitoka nayo, wakazunguka nayo jangwani, wakaizika Shekemu, kizazi kilichokuja kutimiza siyo kile kilichoapa. Kwenye Uislamu vile vile, Saad bin Ubada alimuuliza Mtume kuhusu nadhiri ya mama yake aliyefariki kabla ya kuitimiza, akaambiwa amtimizie. Kwa hiyo usimsikilize anayekwambia mama kafa yameisha. Hayajaisha.

Lakini sasa tuangalie mama alikuomba nini. Yusufu aliombwa kitu ambacho kilikuwa cha baba yake, mwili wake mwenyewe, kaburi lake. Mama yako alikuomba undugu wa dada yako. Huo haukuwa wa mama kuuchukua na haukuwa wako kuutoa. Ahadi inatoa kilicho chako, mwanangu, huwezi kuahidi cha mtu wa tatu ambaye hata chumbani hakuwemo. Na wale watoto wawili hawajagombana na mtu yeyote.

Mkumbuke Herode kwenye Marko sura ya 6. Aliapa mbele ya wageni kumpa binti chochote, binti akaomba kichwa cha Yohana, na imeandikwa mfalme alihuzunika sana lakini kwa ajili ya viapo vyake na kwa ajili ya wale walioketi naye hakutaka kumkatalia. Alitimiza ahadi. Hakuna hata mtu mmoja anayemsifu kwa hilo, na sijui kama kuna mfano wenye nguvu zaidi kuonyesha kwamba kutimiza neno siyo wema peke yake. Kwenye hadithi ya Muslim, mwenye kuapa kisha akaona lingine ni bora kuliko lile, na afanye lililo bora na atoe kafara ya yamini yake. Na iko nyingine inayotisha, haingii peponi mwenye kukata undugu. Huwezi kuwekewa kiapo kikakulazimisha hapo.

Mi nadhani, na hapa naongea kama mzazi, mama yako siku ile hakuwa anaongea na wewe, alikuwa anaongea na maumivu yake. Ungemuuliza siku ya afya njema, mama nikifa mimi na dada akabaki peke yake mgonjwa na watoto mlangoni, ungetaka nini? Hukupata nafasi ya kumuuliza. Na wewe ulijibu vile ili kumtuliza mtu anayekata roho, sikulaumu, wengi tungejibu hivyo hivyo, ila kama kuna msomaji leo yuko kando ya kitanda cha mtu na anaombwa kitu kama hiki, nakuomba jibu hivi: "Mama, nimekusikia, nakupenda, yatunzwe na Mungu." Hilo ni neno la kweli na halimfungi mtu.

Fungua mlango. Toa kafara kama wewe ni Mwislamu, kama ni Mkristo nenda kaungame na umweleze padri au mchungaji yote. Kisha kuna sehemu moja ya ile ahadi nadhani unaweza kuitimiza bado. Ugomvi wao ulikuwa na sababu, labda mama aliogopa nyumba itauzwa, labda aliogopa wewe utaumizwa kama alivyoumizwa yeye. Hiyo hofu unaweza kuiheshimu. Weka hati mahali salama, kubalianeni na dada mapema nani anakaa chumba gani, nani analipa nini, na mambo yapi hayarudiwi. Halafu mwende wote wawili kaburini, useme kwa sauti uliloapa na unalofanya. Dada naye ana haki ya kusikia kilichosemwa, ila siyo siku ya kwanza, mwache kwanza apate dawa na usingizi.

Niandikie tena tafadhali.

"Mchumba wangu wa miaka sita kaoa mwingine. Naweza kudai fidia?"

Inategemea uko wapi. Uingereza zamani wanawake walikuwa wanashinda kesi hizi na kulipwa, sheria ya mwaka 1970 ikafuta haki hiyo kuanzia Januari 1971, kwa hoja kwamba mtu akilazimishwa kuoa kwa kuogopa fidia hiyo ndoa haitakuwa ndoa. Nchi nyingine bado zinaruhusu madai, hasa kwa gharama ulizoingia. Muulize wakili wa kwenu. Pesa mlizochangia pamoja, vitu mlivyonunua pamoja, hivyo dai bila aibu yoyote. Miaka sita hakuna hakimu wa kukurudishia na ninasikitika sana dada.

"Mwanangu ana miaka sita. Nilimwahidi ntakuja kumwona akicheza mechi yake shuleni, mara ya tatu sasa sikufika, kazi. Jana nikamwambia mechi ijayo baba anakuja, akanijibu 'sawa' halafu akaendelea kuchora hata hakuniangalia. Mke wangu anasema watoto wanasahau. Wanasahau kweli?"

Kaka, hiyo "sawa" umeisikia vizuri, ndo maana umeniandikia.

Iko hadithi kwa Abu Daud, Abdullah bin Amir anasimulia akiwa mtoto mama yake alimwita njoo nikupe, Mtume alikuwa amekaa nyumbani kwao, akamuuliza mama, ulikusudia kumpa nini? Akasema tende. Akamwambia, kama usingempa kitu ungeandikiwa uongo. Kwa mtoto! Kwa kitu cha kumwita tu. Sheria haina mahakama ya hili na haitakuwa nayo, mtoto wa miaka sita hawezi kukupeleka popote, hana wakili, hana shahidi, hana hata maneno ya kukwambia umemfanya nini, ana hiyo "sawa" tu. Kwa hiyo ukitafuta ahadi ambayo inakutegemea wewe peke yako kuitimiza, ni hii.

Usimwahidi mechi ijayo. Siyo sasa. Kwanza mdai ni yeye, nenda kwake, kaa chini uwe urefu wake, mwambie baba alisema atakuja mara tatu na hakuja, ulinisubiri, nimekosa. Usitaje kazi. Kazi ni habari yako wewe. Halafu muulize anataka nini, na kama akisema hataki kitu kubali hivyo hivyo, usimlazimishe akusamehe ili wewe ulale vizuri.

Kisha angalia kalenda yako kweli kweli, ongea na bosi kabla ya kuongea na mtoto, na ukishapata ruhusa mkononi anza na kitu kidogo ambacho una uhakika nacho asilimia mia. Kesho asubuhi mimi ndo ntakufunga kamba za viatu. Basi, hicho tu, na kesho asubuhi uwepo.